Ganda la Mzinga Nililolisugua

Vijana wangu wa ofisi ya Kibaha, siku mliponiaga kwa pilau na maneno mazuri kuliko ninayostahili, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu katika kazi ya mambo ya kale. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitasimulia nilivyoanza, aliyenifundisha, na kitu kimoja nilichokiharibu kwa mikono yangu. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Hivyo vingine ninavitanguliza kwa sababu naona aibu kuanza nacho.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kitambaa na viatu vilivyopakwa rangi mpaka nikawa naogopa kuvikanyagia. Mzee Kibwana, aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu cha watu wawili, alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa ufagio. Nilifagia ghala la vitu siku tatu. Siku ya nne akanikabidhi brashi laini ya kupakia rangi, futi kamba, mpira wa uzi, penseli mbili na daftari la mistari. "Kalamu ya wino usiende nayo porini," aliniambia. "Mvua ikinyesha, kila ulichokiona kitakuwa bluu."

Mafunzo yake yalikuwa mafupi. Kitu ukikikuta, usikiguse. Kaa chini, kichore kilivyo, pima umbali wake kutoka vitu viwili visivyohama, uliza wenyeji watatu wasiopatana, ndipo unyooshe mkono. Kusafisha ni kazi ya mwisho, na mara nyingi si kazi kabisa. Ukikuta chuma chenye umbo la bomu, hata kama kimeota kutu hadi kinatia huruma, rudi nyuma, weka mtu wa kulinda njia, ita wanajeshi. Hili la mwisho nalirudia kwa herufi kubwa moyoni, maana nyinyi wa siku hizi mkiona kitu cha ajabu mnapiga nacho picha kwanza.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa Magindu. Mfugaji mmoja alileta habari kwamba ng'ombe wake wamefukua bomu la Mjerumani. Kijiji kizima kilihama upande wa pili wa lambo. Wanajeshi walikuja, wakalala kifudifudi, wakatambaa, wakainuka wakiwa wamevimba kwa hasira. Lilikuwa bomba la pampu ya maji ya shamba la mkonge lililokufa zamani. Mzee Kibwana hakucheka. Alilichora, akalipima, akauliza wazee watatu, akaandika ukurasa mzima kuhusu pampu. Mimi niliona anapoteza muda.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini zilipokuja habari kwamba mgeni kutoka ng'ambo, mtafiti wa ile vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza, angefika mkoani kwetu akitafuta viwanja vya mapigano. Wakubwa walitaka awe na cha kuoneshwa. Mzee Kibwana alikuwa kitandani na homa. Nikatumwa mimi Kisarawe, na gari, na wiki moja.

Siku nne nilizunguka bila kupata hata msumari. Siku ya tano, Kurui, mwenyekiti wa kijiji alinipa mtu wa kunisindikiza, Mzee Shomari, mkulima wa mihogo aliyekuwa akijua kila kichuguu. Alinipeleka kwenye pori dogo katikati ya mashamba. Humo ndani ardhi ilikuwa na mabonde mabonde mafupi, yamefunikwa na majani. Mbele ya moja lilisimama ganda la mzinga, la shaba, mdomo chini, nusu limezama ardhini, limeota ukijani. Nilitetemeka kwa furaha.

"Hapa watu hawalimi," Mzee Shomari alisema, "wala hawakati kuni."

Sikumuuliza kwa nini. Nilijijibu mwenyewe kwamba wanaogopa mabomu. Mabonde nikayaita mahandaki ya askari. Ningetumia futi kamba iliyokuwa mfukoni ningeona kwamba kila bonde lina urefu wa mtu, na yote yamelala mashariki na magharibi, na ganda limesimama upande wa mashariki, kichwani. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Kongowe ya hapa hapa Kibaha. Nimebeba jeneza, nimeshuka mwanandani kumpokea baba yangu. Najua kaburi lisilojengewa likizama linakuwaje. Najua pia kwamba kaburi huwekewa mashahidi, mmoja kichwani na mmoja miguuni, jiwe au mti au chochote mtu alicho nacho, ili wa kwao wamtambue. Yote hayo niliyajua, na siku ile hayakunijia, kwa sababu nilikuwa natafuta uwanja wa vita na gari lilitakiwa kurudi Ijumaa.

Nilichungulia mdomo wake kwa kuchimbua pembeni, nikaona ni ganda tupu, limekwisha kufyatuliwa. Nikaling'oa. Sikuchora. Sikupima. Mzee Shomari alisogea nyuma akatazama pembeni, nami nikadhani ni ushamba.

Nilifika nyumbani Kongowe jioni ya Ijumaa, na mgeni alikuwa anakuja Jumatatu. Jumamosi asubuhi nilikaa uani na ganda langu, ndimu kumi na majivu ya jikoni, jinsi mama yangu alivyonifundisha kusugua masinia ya shaba kila ilipokaribia Idi. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo tangu utotoni, na mikono ilienda yenyewe. Ukijani ulitoka, ubavu ukaanza kung'aa. Mke wangu alipita na ndoo, akainama.

"Baba Zaituni, mbona hapa pameandikwa?"

"Mikwaruzo tu."

"Mikwaruzo gani ina nukta?"

Yalikuwa maandishi, kwa herufi za Kiarabu, yamechongwa kwa kitu kama msumari, mistari miwili. Nimesoma chuo, nimehitimu juzuu zote. Niliona herufi mimu mwanzoni mwa jina. Niliona "bin". Niliona chini yake, "Mola amrehemu". Hapo niliacha kusoma, na niliacha kwa makusudi. Nilijua kwamba nikimaliza mstari ule nitakuwa nimeng'oa shahidi wa kaburi la mtu, na Jumatatu sitakuwa na uwanja wa vita wa kumwonesha mgeni. Ndimu na majivu havikutosha kuyafuta. Niliingia ndani nikachukua msasa.

Vijana wangu, nimekuwa nikitafuta neno la kupunguza makali ya sentensi hiyo na sijalipata. Nilichukua msasa. Mke wangu alisimama pale na ndoo yake mpaka nilipomaliza, kisha akaenda zake, na siku ile alinipakulia chakula bila kusema nami.

Mgeni alifurahi kupita kiasi. Tuligeuza kitako cha ganda juu, tukapaka chaki kwenye alama zilizopigwa kiwandani, tukafuta juu juu ili chaki ibaki kwenye mitaro ya herufi, tukasoma kwa kioo cha kukuzia. Hiyo ni njia nzuri, itumieni. Tulinakili kila namba na kila kialama, tukaandika barua, na baada ya miezi majibu yakaja kwamba ganda lilitengenezwa Ujerumani miaka michache kabla ya vita, kwa mzinga wa aina fulani, tena mizinga yenyewe ilikuwa michache. Nilisifiwa kwa kufuatilia asili yake mpaka kiwandani. Nikaandika kwenye rejesta: limeokotwa uwanja wa vita, Kurui. Kwenye safu ya maandishi mengineyo nikajaza: hakuna.

Mzee Kibwana alipopona alilishika, akalizungusha mara mbili.

"Ulilikuta linang'aa hivi?"

"Nililifuta vumbi tu, mzee."

"Na mchoro wake uko wapi?"

"Mvua ilinyesha."

Alikuwa mzee mwenye ulimi mkali, aliyewahi kunisema kutwa nzima kwa sababu ya penseli isiyochongwa, lakini siku ile hakusema kitu. Alilirudisha kabatini akaenda kuswali. Mpaka anastaafu hakuniuliza tena, na mpaka anafariki sikumwambia. Nilimzika nikiwa na deni hilo la maneno.

Ganda lilikaa kwenye kabati la kioo. Wanafunzi walikuja, nikawaeleza mapigano ya Kurui. Walimu walinakili. Mwaka mmoja niliona kwenye maonesho ya shule mtoto amechora askari wamelala kwenye mahandaki chini ya mikorosho, na chini ameandika jina la kijiji. Katika vitabu hakuna mapigano yoyote yaliyopiganwa Kurui. Nilianzisha vita peke yangu, wenyewe wakiwa wamekwisha kupatana zamani. Nilikuwa nawachekea wale watoto, nikarudi mezani kwangu.

Miaka ikaenda. Hayo mengine mnayajua, mlikuwepo. Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja, mlinzi aliniletea bibi mwenye kanga mbili na fimbo, ameshikwa mkono na mwanamume wa makamo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mie Zuhura binti Salum, natoka Kurui. Huyu Rajabu, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimekuja kuuliza chuma chetu."

Nilimpa kiti. Nilijua kabla hajakaa.

Alinieleza taratibu. Barabara ya kijiji ilikuwa inapanuliwa na makaburi ya zamani yalikuwa yanahamishwa. Wenyewe hasa walikuwa wamehama pale enzi za vijiji vya ujamaa, makaburi yakabaki porini. Sasa kila ukoo ulitakiwa kumwonesha mtu wake na kujaza fomu ya jina lake. Anayetambuliwa atapewa kaburi lake kwenye makaburi mapya. Wasiotambuliwa wote watawekwa shimo moja. Bi Zuhura alikuwa na babu yake pale, baba wa baba yake. Mjerumani alimchukua kubeba mizigo ya mizinga, akapotea miaka, akarudi kwa miguu kutoka Rufiji huko na ganda moja kichwani, mgonjwa. Hakukaa hata miezi. Ndugu yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo, alilisimamisha lile ganda kichwani pa kaburi.

"Mie nilipokuwa mwari tulikuwa tukipelekwa kufyeka," alisema. "Nikaolewa Maneromango, nimekaa huko mpaka mume wangu amekufa. Nimerudi, chuma hakipo. Marehemu Shomari kabla hajafa alisema kilichukuliwa na ofisa wa Kibaha, ana gari. Ndiyo nimekuja. Nataka kujua mlikitoa kaburi lipi, babu yangu asije akatupwa na wasiojulikana."

Ganda lilikuwa nyuma yangu, kwenye kabati la kioo. Macho yake hayakuweza kuliona kwa umbali ule. Rajabu alikuwa anatazama simu.

"Nitaangalia kwenye faili, bibi," nilisema.

"Utaangalia?"

"Nitaangalia."

Alinishukuru. Aliniombea dua, mimi na watoto wangu. Nikamsindikiza hadi getini, nikarudi nikafunga mlango wa ofisi. Wale mlionikuta siku ile nikasema presha imepanda, haikuwa presha.

Faili niliiangalia, maana nilikuwa nimeahidi. Haikuwa na mchoro, wala kipimo, wala hata mti wa kukisia. Nilikaa na jambo hilo siku sita. Siku ya saba nilimweleza mke wangu kwamba nataka kwenda kusema. Alikuwa anachambua mchele. "Umechelewa," alisema, "lakini nenda." Nikamwandikia mkubwa wangu barua yenye ukweli wote, nikaomba ganda lirudishwe kwa wenyewe. Alisoma, akavua miwani, akasaini bila kunitazama.

Nilimkuta Bi Zuhura barazani kwake Kurui, na Rajabu, na shehe wa kijiji mwenye ile fomu. Nilisema yote. Nilitaja kung'oa, na ndimu, na majivu. Nilipofika kwenye msasa ilibidi nianze upya.

Hakukasirika kama nilivyojiandaa. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwa hiyo uliyasoma?"

"Niliyaona, bibi."

"Basi alhamdulillahi. Tuambie jina lake."

Sikuelewa. Shehe ndiye aliyenieleza. Ukoo mzima ulimjua kwa jina la Babu Mzinga. Ndivyo alivyoitwa aliporudi, na ndivyo walivyowasimulia watoto; hata mwanawe aliitwa Salum Mzinga. Jina lake hasa alilijua ndugu yake yule mwalimu, naye ndiye aliyelichonga kwenye ganda, na alikufa Bi Zuhura bado ananyonya. Kila walipomsomea hitima walisema Babu Mzinga, na kila mara wazee walisema jina lipo, liko kichwani pake, atakayejua kusoma aende akasome. Hakuna aliyekwenda. Waliona lipo tu, halina pa kwenda.

"Mimu," nilisema. "Lilianza na mimu. Kisha bin."

"Mimu nini?"

"Sikumalizia, bibi."

Nilifunga macho nikarudi uani kwangu Kongowe, nikajaribu kuona mstari ule. Niliona mkono wangu tu, unakwenda na kurudi.

"Mzee, si uandike Mohamedi tu," Rajabu alisema. "Na la baba yake weka lolote. Nani atabisha? Fomu inataka jina, na kaburi tutaonesha lolote lile."

Shehe alinisogezea fomu na peni. Bi Zuhura alinigeuzia uso, na niliona kwamba anataka. Alitaka niseme ndiyo. Ningesema, angepata kaburi la babu yake na angelifyeka mpaka siku yake. Peni ilikuwa mkononi mwangu. Mkono huu uliwahi kuandika uwanja wa vita mahali pa makaburi, ukaandika hakuna mahali palipokuwa na jina la mtu.

"Bibi, nitakuwa namwongopea marehemu mara ya pili," nilisema. "Sijui jina lake."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Shehe alinipokonya peni akaandika mwenyewe: hajulikani.

Siku ya kuhamisha nilikwenda. Nilitembea kwenye lile pori tangu asubuhi nikijaribu kukumbuka ni bonde lipi. Nilipata matatu yaliyofanana. Wachimbaji walinisubiri, kisha wakachoka. Yote matatu yalikwenda na mengine, mifupa ikafungwa sanda, ikashushwa katika shimo moja refu kwenye makaburi mapya. Niliomba nishuke kupokea, nikaruhusiwa. Kila sanda niliyopokea nilijiuliza kama ndiye. Zilikuwa nyepesi zote.

Baada ya dua, watu walipoanza kutawanyika, nilikwenda kwenye gari nikalitoa ganda. Nilikuwa nimelifunga kwa kanga mpya aliyoitoa mke wangu. Nilipiga magoti kichwani pa lile shimo, upande wa mashariki, nikaanza kuchimba kwa mikono ili nilisimamishe. Niliona angalau hili naweza.

Bi Zuhura alikuja na fimbo yake. Aliinama akalishika. Alipitisha vidole ubavuni, juu, chini, akazunguka nalo lote, kama anayetafuta mahali mtoto alipoumia. Palikuwa laini kila mahali. Akaniwekea mikononi.

"Hili si letu, baba," alisema. "Letu lilikuwa na jina."

Akashikwa mkono na Rajabu, wakaondoka. Nililifunga tena kwenye kanga, nikalibeba mpaka garini, na hakuna aliyejitolea kunipokea.